Boycott: kapteni aliyegeuzwa kitenzi

Kiingereza kina kitenzi boycott, na Kiswahili cha habari hukifasiri kwa neno moja: kususia. Shida ni kwamba ndani yake mmejificha vitenzi vitatu. Kuna kumsusia mtu, asisemeshwe wala asiuziwe kitu. Kuna kususia bidhaa mpaka zidode dukani. Na kuna kususia jambo, kama uchaguzi, kikao au mashindano, kwa kukataa kuhudhuria. Watu wanaweza kubishana usiku kucha kama kususia ni silaha ya wanyonge au ni uonevu mtupu, kumbe mmoja anazungumzia la kwanza na mwenzake la pili.

Maneno mengi ukiyafuata nyuma unaishia kwenye dhana za wataalamu. Hili lina cheti cha kuzaliwa. Lilizaliwa kati ya Septemba na Novemba mwaka 1880, katika kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi.

Msimamizi wa mashamba ya Lord Erne

Charles Cunningham Boycott alizaliwa mwaka 1832 huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Alinunuliwa cheo cha chini cha uofisa, kama ilivyokuwa desturi ya familia zenye uwezo enzi zile, akapelekwa Ayalandi na kikosi chake, akaugua, na baada ya muda mfupi akauza cheo na kuacha jeshi. Ule ukapteni hakuupata kambini; ni majirani tu waliomwita hivyo, naye hakuwakataza. Aliishi miaka mingi katika kisiwa cha Achill, kisha katika miaka ya 1870 akahamia kando ya ziwa Lough Mask. Pale alikuwa na kofia mbili: alikodi shamba lake mwenyewe, na papo hapo alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne, bwana mwenye ardhi aliyeishi mbali. Kazi ya msimamizi ilikuwa kukusanya kodi kwa wakulima waliolima ardhi isiyo yao, na kuwafukuza walioshindwa kulipa.

Kodi hiyo ndiyo kiini cha kisa. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza ardhini, iliua watu wapatao milioni moja Ayalandi, na wengine zaidi ya milioni walikimbilia ng'ambo. Kwa hiyo mavuno yalipokuwa mabaya tena mwaka 1879, Mayo haikuhitaji kuambiwa mwisho wake unakuwaje. Oktoba mwaka huo kikaundwa chama cha Land League, cha kuwatetea wakulima hao. Aliyekisukuma zaidi alikuwa Michael Davitt, mzaliwa wa Mayo ambaye familia yake ilifukuzwa kwenye shamba akiwa mtoto mdogo, na ambaye alikatwa mkono mmoja akiwa na miaka 11 kwa ajali ya mashine katika kiwanda cha pamba Uingereza. Rais wa chama alikuwa Charles Stewart Parnell, mbunge, na yeye mwenyewe mwenye ardhi, jambo lililowakera mabwana wenzake kupita kiasi.

Tarehe 19 Septemba 1880, mjini Ennis, Parnell aliuliza umati: mtu akichukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa, mtamfanya nini? Sauti zikajibu apigwe risasi. Parnell akasema ipo njia iliyo bora, ya Kikristo zaidi, itakayompa mkosaji nafasi ya kutubu. Akaifafanua: mkimkuta barabarani msimsalimu, dukani msimhudumie, sokoni na gulioni mumpite, hata kanisani mumwache peke yake, kama wakoma walivyotengwa zamani.

Hotuba hiyo ililenga wakulima wasaliti. Watu wa Lough Mask, siku chache baadaye, wakaielekeza juu zaidi, kwa msimamizi. Lord Erne alikuwa amekubali kupunguza kodi kwa asilimia 10; wakulima walitaka 25. Boycott akapata hati za kuwafukuza waliogoma kulipa. Mpelekaji hati alipofika na askari wake, wanawake walimpokea kwa mawe, matope na samadi mpaka akarudi alikotoka. Kesho yake watu wakaenda nyumbani kwa Boycott, na wafanyakazi wake wa shambani na wa ndani wakaondoka.

Yaliyofuata yanafaa kusomwa polepole, kwa sababu kila kipengele chake kimeingia katika maana ya neno. Mhunzi akakataa kumpigia kwato za farasi. Mfua nguo akakataa nguo zake. Kijana aliyemletea barua akatishwa, akaacha. Wenye maduka mjini Ballinrobe wakakataa kumuuzia hata mkate, ikabidi chakula kiagizwe kutoka mbali kidogo na kuletwa kwa mashua. Viazi na mboga za mizizi zikabaki ardhini huku baridi ikikaribia. Mwezi Oktoba Boycott aliandika barua kwa gazeti la The Times la London akiyaeleza yote hayo, na kwa barua hiyo mgogoro wa kijiji ukawa habari ya dola nzima.

Wafuasi wa serikali huko kaskazini wakajitolea kuja kumvunia. Walikuja wanaume 50 kutoka kaunti za Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari karibu 1,000, wakitembea kwa miguu kwenye mvua kwa sababu hakuna mwenye gari aliyekubali kuwabeba. Wakapiga mahema kwenye uwanja wa nyumba ya Boycott, wakavuna kwa wiki mbili, na wakati wao wakivuna, askari na farasi wakaharibu bustani. Mazao yaliyookolewa yalikadiriwa kuwa na thamani ya pauni 500 hivi. Gharama ya kuyaokoa ilitajwa kuwa pauni 10,000. Tarehe 27 Novemba wavunaji wakaondoka, na Boycott na familia yake wakaondoka pia. Alipofika Dublin, mwenye hoteli aliingiwa na hofu na kumwomba ahame. Mwaka uliofuata aliposafiri kwenda Marekani alijiandikisha kwa majina yake mawili ya kwanza tu, Charles Cunningham. La tatu lilikuwa limekwisha kuwa mali ya umma.

Jina lisilohitaji mkia

Kwa nini jina lake, na si neno lolote lililokuwepo? Kiingereza hakikukosa maneno ya kutenga watu. Tunaye shahidi, mwandishi wa habari Mmarekani James Redpath, aliyekuwa Mayo siku zile. Kwa simulizi yake, aliyoichapisha mwaka 1881, alikuwa mezani na padri John O'Malley, kiongozi wa wakulima wa eneo hilo, naye Redpath hakugusa chakula. Padri akamuuliza kulikoni. Redpath akajibu kwamba anatafuta neno: mkulima msaliti akitengwa kuna msamiati wa kikanisa, lakini bwana mkubwa akitengwa tuiteje? Neno la kitaaluma lenye asili ya Kigiriki wakulima wasingelielewa. Padri akafikiri kidogo, akauliza: itakuwaje tukisema kum-Boycott?

Mimi huipenda simulizi hii kwa sababu inaonyesha neno likichaguliwa kwa kigezo cha nani atalielewa. Jina la Boycott lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na lilibeba kisa kizima ndani yake. Kabla mwaka 1880 haujaisha, magazeti ya London yalikuwa yakilitumia kwa watu wengine na miji mingine, likiwa bado na herufi kubwa mwanzoni na mara nyingine ndani ya alama za kunukuu. Herufi kubwa ikaanguka baadaye, kama inavyoanguka jina la mtu linapoacha kumkumbusha mtu.

Sarufi nayo ilisaidia. Kiingereza huweza kulichukua jina lolote na kulitumia kama kitenzi bila kulibandika chochote. Majina mengine huongezewa kiambishi: kutoka kwa Louis Pasteur kimekuja pasteurize, kutoka kwa Luigi Galvani kimekuja galvanize. Hata Profesa P.L.O. Lumumba alipozungumza Dar es Salaam mwaka 2017 juu ya kuigwa kwa mtindo wa Rais Magufuli barani Afrika, jina la rais lilibidi kufungwa mkia, Magufulification, ndipo lifanye kazi. Boycott halikuhitaji mkia. Lina silabi mbili, linaishia na konsonanti ngumu, na lina umbo la kitenzi cha kawaida: boycotted, boycotting, huyo boycotter. Masikio hayakushtuka.

Wapo wanaodhani neno limetokana na boy, mvulana, kana kwamba maana yake ni kumfanya mtu mtoto wa nyumbani. Sivyo. Boycott ni jina la ukoo lililotokana na jina la mahali, na ile -cott ya mwisho ni neno la Kiingereza cha kale la kibanda. Hata hivyo wasemaji wenyewe wa Kiingereza hupenda kulikata pale pasipokatika: wasichana wa Pennsylvania walioyakataa maandishi ya fulana za kampuni ya Abercrombie & Fitch mwaka 2005 waliuita mgomo wao girlcott. Vivyo hivyo likaja buycott, kununua makusudi ili kumuunga mkono muuzaji. Neno lisilo na boy ndani yake limezaa girl.

Lilivuka mipaka haraka mno. Wafaransa husema boycotter, Wajerumani boykottieren, Waholanzi boycotten, Wajapani boikotto, na Warusi wana boikot yao. Wengi wa hao hawajui kwamba wanamtaja msimamizi wa mashamba.

Mtu, kisha bidhaa, kisha tukio

Hapa ndipo maana zinapoachana. Katika sentensi ya kwanza ya kitenzi hiki, yambwa, yaani anayetendewa, alikuwa mtu mwenye jina na nyumba. Aliyesusiwa aliumia yeye, na mkewe, na wageni wake. Baadaye yambwa ikahamia kwenye vitu: unasusia sukari, machungwa, basi. Nyuma ya vitu wapo watu, lakini hawaonekani. Mnunuzi anakipita kitu rafuni bila kugombana na mtu yeyote. Mwisho yambwa ikawa tukio, na kitendo chenyewe kikabaki kutokuwepo tu.

Kususia bidhaa kulikuwepo kabla ya neno. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipokataa muswada wa kukomesha biashara ya watumwa, familia nyingi za Uingereza ziliacha sukari ya mashamba ya watumwa ya Karibi. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi akipinga biashara hiyo, alikadiria walioacha kuwa watu 300,000. Hawakuwa na neno moja la kuiita kazi hiyo, wakasema wanajizuia. Tangu mwaka 1880 kila kisa cha aina hiyo, hata kilichopita, kimeingizwa chini ya jina la kapteni, na ndiyo maana vitabu vya historia vinaiita ile ya sukari boycott bila haya.

Pwani yetu ina kisa chake, nacho hakisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni Zanzibar ilitunga sheria zilizokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya biashara ya karafuu na kuwaminya wafanyabiashara wa Kihindi. Wafanyabiashara hao wakaacha kununua. Chama cha Congress kule India kikawaunga mkono na kuwataka Wahindi wasitumie karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa. Hapo unaona jinsi kitenzi kinavyoweza kupinda: aliyesusiwa kwa maneno ni serikali, kilichosusiwa kwa vitendo ni karafuu, na aliyebaki na gunia mlangoni ni mkulima wa Unguja na Pemba. Mwaka 1938 wakafikia mapatano.

Kisa kinachotajwa zaidi duniani ni cha Montgomery, jimbo la Alabama. Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, na tangu tarehe 5 watu weusi wa mji huo wakaacha mabasi kwa siku 381. Wao ndio waliokuwa abiria wengi, kwa hiyo mapato yakaporomoka. Lakini kilichobadilisha sheria ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani kwamba ubaguzi ndani ya mabasi unavunja katiba. Kususia kulilifanya suala lisizimike, mahakama ikalimaliza. Wanaosema kususia peke yake kulishinda wanarahisisha mno.

Na tarehe 26 Juni 1959 London ulifanyika mkutano wa kuanzisha kampeni ya kutonunua bidhaa za Afrika Kusini ya kibaguzi. Mmoja wa wazungumzaji alikuwa Julius Nyerere, aliyekuwa bado hajawa hata waziri mkuu. Kampeni hiyo ilijiita Boycott Movement, na mwaka uliofuata ikawa Anti-Apartheid Movement iliyodumu mpaka ubaguzi ukaondoka.

Hiari ina mipaka gani?

Swali gumu kuliko yote lilikuwepo tangu Lough Mask, na neno lenyewe hulificha. Mhunzi aliyekataa farasi wa Boycott alikataa kwa kuwa alikubaliana na majirani, au kwa kuwa aliwaogopa? Kumbukumbu zinaonyesha yote mawili. Wapo walioondoka kwa moyo mmoja na wapo waliotishwa. Kitenzi boycott hakitofautishi. Kinataja matokeo, hakitaji njia.

Buganda mwaka 1959 ilionyesha upande huo mchungu. Uganda National Movement, Augustine Kamya akiwa mstari wa mbele, iliwataka watu wasinunue katika maduka ya wasio Waafrika, mengi yakiwa ya Wahindi. Maduka mengi ya vijijini yakafungwa. Lakini walioonekana wakinunua walikuta mashamba yao yamefyekwa, na serikali ya kikoloni ikakipiga chama hicho marufuku. Kwa wengine ile ni hatua ya ukombozi wa kiuchumi, kwa wengine ni vitisho. Nadhani ni vyote viwili, na hakuna haja ya kuchagua neno moja ili kuficha la pili.

Sheria nazo zimehangaika hapohapo. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwaadhibu waliopanga kuwasusia watu Ayalandi. Marekani, sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 ikavizuia vyama vya wafanyakazi kususia kwa mzunguko, yaani kumwandama si tu mwajiri wanayegombana naye bali na yeyote anayefanya naye biashara. Lakini mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo ikaamua, katika kesi iliyotoka Port Gibson, Mississippi, kwamba wananchi weusi waliosusia maduka ya wazungu kudai haki walikuwa wakitumia uhuru wao wa kujieleza. Katika mji huo walisimama watu nje ya maduka wakiandika majina ya walioingia, na majina hayo yakasomwa mbele ya watu. Mahakama ikasema kumwaibisha mtu si sawa na kumpiga. Wa kuwajibishwa ni aliyepiga.

Susa, goma, na walichokosa Wakenya

Kiswahili hakikuhitaji kumwazima kapteni kwa sababu tulikuwa na susa. Mtoto aliyenyimwa mnofu akasukuma sahani kando, amesusa. Ongeza kiambishi cha kutendea upate susia, na sasa unasusia kitu au mtu. Lakini susa imebeba kununa ndani yake, na watu wa pwani huikejeli: ukisusa, wenzio wala. Boycott ya Kiingereza haina kejeli hiyo. Kwa hiyo mhariri akiandika kwamba chama fulani kimesusia uchaguzi, kama CUF ilivyofanya kwa uchaguzi wa marudio Zanzibar Machi 2016, msomaji mmoja anasikia msimamo na mwingine anasikia kununa. Kugomea hupunguza utata huo, ila nako kuna kasoro: goma kwa asili ni kukataa kutenda, na tumekizoea zaidi kwa wafanyakazi wanaoweka zana chini. Mbunge anayetoka ukumbini kikao kikiendelea, magazeti yetu husema amesusia kikao; Kiingereza kwa hilo kina neno jingine, maana boycott ni kutoingia tangu mwanzo. Na serikali inapoikatalia nchi nyingine biashara kwa amri, hiyo si kususia tena, ni vikwazo, kwa sababu raia hakuulizwa.

Maana ya tatu, ya kukosekana makusudi, Afrika Mashariki tuliionja sana kwenye Olimpiki. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, mwaka uleule wa mauaji ya Soweto. Tanzania ikawa mstari wa mbele kuitaka New Zealand izuiwe kwenda Montreal. Ilipokataliwa, nchi nyingi za Afrika hazikushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa ameshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu mwaka 1974, hakukimbia. John Walker wa New Zealand akachukua dhahabu.

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Marekani kususia, safari hii michezo ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovyeti kuingia Afghanistan. Rais Carter akamtuma bondia Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuomba nchi ziungane naye. Dar es Salaam Nyerere hakukubali kumpokea, na waandishi wa habari wakamuuliza Ali swali ambalo hakuwa nalo jibu tayari: Waafrika waliposusia mwaka 1976, Marekani ilikuwa wapi? Tanzania ikaenda Moscow. Bayi akapata fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Kenya ilisusia mara zote mbili, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja.